Jambia la Babu na Mnunuzi wa Hamburg

Ami, asalaam aleikum,

Mimi ni mwana wa Lamu, mtaa wa Mkomani, nina miaka 41, mke na watoto wanne. Nakuandikia kwa sababu nimeambiwa ulikuwa wakala wa forodha Mombasa miaka mingi kabla ya kuhamia Malindi. Jambo langu ni la kutuma mzigo, ingawa sasa limekuwa jambo la ukoo mzima.

Baba alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Tulipokuwa tukisafisha chumba cha juu tulikuta sanduku la babu, lile alilokuwa akikataza watoto wasiliguse. Ndani mlikuwa na jambia lenye mpini wa pembe, rangi kama asali, na ala ya ngozi iliyotiwa fedha. Mlikuwa na upanga mrefu wa felegi. Na chini kabisa gobori, bunduki ya fataki ya kushindilia mdomoni, pamoja na pembe ndogo ya kuwekea baruti. Babu alikuwa akitusimulia kwamba baba yake aliubeba upanga ule siku za vita vya Witu. Gobori sijui lilitoka wapi.

Mwezi wa nane alikuja mgeni, Mjerumani, amepanga nyumba Shela. Rafiki yangu nahodha akamleta kwangu akaviona. Alivishika kwa heshima, siwezi kumsema vibaya. Akasema atanunua vyote kwa shilingi 350,000. Alipofika kwao Hamburg akatuma 100,000 za mwanzo. Nami, Ami, nilikuwa nimebanwa. Nililipa karo ya binti yangu aliye bweni Mombasa na deni la dukani. Zimebaki elfu kumi na mbili.

Sasa anataka mzigo wake. Nilienda posta, karani akaniuliza ndani mna nini, nikababaika nikaondoka. Kuna kijana huko kwenu Malindi ana ofisi ya vifurushi. Amesema nimpelekee kwa basi, niandike "vyombo vya jikoni", yeye atapitisha. Mgeni mwenyewe ameniambia niandike "zawadi" na thamani ya yuro 40, eti kila mtu hufanya hivyo. Bunduki niifungue, kasiba nitume wiki hii na kitako wiki ijayo. Ikishindikana, atakuja Desemba avitie kwenye sanduku lake la safari.

Dada yangu mkubwa aliyeolewa Siyu amepata habari. Alinipigia simu akilia, asema nimeuza mifupa ya babu. Ndugu zangu wawili wako Mombasa: mmoja asema uza, mwingine hajajibu. Mamangu hasemi neno lolote, na kunyamaza kwake ndiko kunakonichoma.

Ami, vitu hivi vyaweza kutumwa kwa posta au haviwezi? Nikiandika zawadi nitakuwa nimekosa? Na nimrudishie vipi mtu pesa nisizokuwa nazo?

M., Lamu

*

Waaleikum salaam, mwanangu. Mungu amrehemu baba yako na awape subira nyote, mama kwanza.

Posta nitaifikia, lakini nianze na gobori, maana hilo halingoji. Ukimaliza kusoma fungu hili, simu iweke chini ushughulike. Bunduki za kushindilia zilikuwa zikiachwa na baruti ndani, tayari kwa usiku, na mwenyewe akifa hakuna aliyekumbuka kuitoa. Baruti nyeusi haifi kwa uzee. Ikikaa pakavu, na chumba cha juu cha nyumba ya mawe ni pakavu, yaweza kuwaka leo kama ilivyokuwa ikiwaka zamani za babu wa babu yako. Kwa hiyo usivute nyundo yake, usitie mdeki, ile fimbo ya kushindilia, kupima, usiisafishe kwa mafuta, na kuifungua vipande usithubutu. Niliposoma kwamba mgeni amekuambia uitenganishe kasiba na kitako, mwili ulinisisimka. Ilaze chini, mdomo uelekee ukuta mnene wa mawe, pembe ya baruti iweke mbali nayo na mbali na jiko, kisha funga mlango na ufunguo ukae nao wewe.

Halafu nenda kituo cha polisi kwa miguu yako, mikono mitupu. Mwombe kumwona mkuu wa kituo, umwambie ulivyoniambia mimi: baba amefariki, tumefungua sanduku la babu, tumekuta bunduki ya zamani, tunaomba mje muione. Nenda na mzee mmoja wa mtaa anayejulikana. Nasema mikono mitupu kwa sababu unaijua Lamu yetu. Tangu Mpeketoni ilipovamiwa Juni 2014, hakuna askari atakayekuona umebeba bunduki akaanza kwa kukuuliza ina umri gani. Na kuipakia kwenye mashua hadi Mokowe, kisha kwenye basi lenye vizuizi njia nzima hadi Malindi, ni kujitafutia balaa, wewe na dereva na utingo asiyejua amebeba nini.

Huenda mgeni wako anaamini gobori si silaha tena kwa vile ni la kale. Kuna nchi zinazosema hivyo. Marekani, kwa sheria yao ya mwaka 1968, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake huhesabiwa ya kale na huwekwa kando ya masharti mengi ya bunduki za sasa. Uingereza nayo ina orodha yake. Lakini hizo ni sheria za kwao. Wewe uko chini ya Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, ambayo yadai cheti kwa anayekaa na bunduki na kibali kwa anayeitoa nchini. Tena sheria hiyo yaihesabu sehemu ya bunduki kuwa bunduki. Ukituma kasiba leo na kitako wiki ijayo, kosa halikupungua nusu, limekuwa makosa mawili. Na posta haina mlango hapo: Muungano wa Posta Duniani, uliozaliwa Bern mwaka 1874 na ambao Kenya ni mwanachama, hauruhusu vilipukaji katika barua wala vifurushi, na ile pembe yenye mabaki ya baruti imo humo. Hata bomu au risasi isiyo na kitu ndani, hata mfano wake wa kuigiza, yamekatazwa. Kampuni kubwa za vifurushi nazo nyingi hazigusi bunduki, iwe ya kweli au sanamu yake. Gobori halitafika Hamburg, mwanangu. Litoe kwenye hesabu.

Sasa upanga. Nataka ujue kwamba umeutaja umri wake kwa kinywa chako mwenyewe. Umesema ulibebwa siku za vita vya Witu. Waingereza waliivamia Witu na kuichoma Oktoba 1890, miezi michache baada ya Wajerumani kuwaachia. Basi upanga huo una zaidi ya miaka 130, na kwa sheria yetu hilo ndilo linalofungua au kufunga mlango. Sheria ya Makavazi na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 yasema kitu chochote cha kubebeka, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 ni kitu cha kale kinacholindwa. Mwaka huo haukuokotwa, ndio mwaka Waingereza walipotangaza himaya yao Afrika Mashariki. Haidhuru chuma kilifuliwa wapi. Felegi nyingi ziliingia pwani kwa majahazi, lakini ikishaletwa kabla ya 1895 imekuwa yetu. Kitu cha namna hiyo hakitoki nchini bila kibali cha serikali, na hata kukiuza hapahapa kwataka ruhusa. Yaani tatizo lako lilianza siku mlipopeana mikono sebuleni, kabla posta haijatajwa.

Mlango wa kuanzia ni Makavazi ya Lamu, pale ufukweni. Usiubebe upanga barabarani. Upige picha mchana karibu na dirisha: upanga mzima, mpini, alama yoyote iliyochorwa kwenye bapa, ala mbele na nyuma. Andika na masimulizi ya babu kama ulivyoyasikia, jina lake, jina la baba yake, mtaa. Hayo maandishi yana thamani kuliko unavyodhani, kwa sababu upanga usio na hadithi ni chuma. Waulize mambo mawili tu: hiki ni nini, na nikitaka kukitoa nchini maombi ya kibali yanapita wapi. Kibali chaweza kukataliwa. Nakwambia mapema ili usimwahidi mtu tena.

Na hapohapo, ukiwa mle ndani, ipite siwa ya Pate uiangalie. Pembe ya ndovu iliyochongwa, imepulizwa katika harusi za wakubwa karne na karne. Nimesimama mbele yake mara nyingi nikafikiri juu ya watu wote waliokuwa na shida kama yako, karo na madeni, na hawakuiuza.

Jambia ndilo gumu kuliko yote, na nitakaa hapo kidogo. Umesema mpini wa pembe, rangi ya asali. Pembe ya nini? Hukusema, na nadhani hujui, na aliyekupa bei huenda anajua. Majambia ya kawaida yalitiwa mipini ya mti au pembe ya ng'ombe na nyati. Ya wenye uwezo yalitiwa pembe ya ndovu, na yaliyotukuzwa kupita yote, hasa upande wa Yemeni, yalitiwa pembe ya kifaru, ambayo ikishikwa miaka mingi hung'aa na mwanga ukapenya kwa rangi hiyohiyo uliyoitaja. Hamu hiyo ya mipini ni moja ya sababu vifaru walimalizwa huku kwetu miaka ya 1970.

Mtu mwenye jicho hutambua. Pembe ya ndovu, ukiitazama pale ilipokatwa, ina mistari myembamba inayokatana kama wavu. Mfupa una vitundu vidogo vidogo vyeusi. Pembe ya ng'ombe na ya kifaru zote ni nyuzi nyuzi, na kuzitenga moja na nyingine ni kazi ya fundi au ya maabara. Utaambiwa upashe sindano moto uchome uone harufu. Usifanye. Utaharibu kitu na jibu hutalipata.

Ikiwa ni ndovu au kifaru, umri wa jambia haukuokoi. Sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2013 yamtaka kila anayekaa na kitu kilichotokana na wanyama hao awe na kibali, na adhabu zake ni nzito, faini za mamilioni na jela ya miaka mingi. Kenya haina mzaha hapo. Mwaka 1989 Rais Moi aliwasha tani 12 za pembe za ndovu mbele ya ulimwengu mzima, na Aprili 2016 zikachomwa tani 105 katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, pamoja na za kifaru zaidi ya tani moja. Nchi iliyochoma mali kama hiyo haitakutazama ukipeleka mpini mmoja dukani kwa kijana wa vifurushi. Upande wa pili, Ulaya, forodha yao hudai hati za CITES, mkataba wa dunia wa wanyama na mimea iliyo hatarini. Mkataba wenyewe unatambua vitu vilivyopatikana kabla haujaanza kuwalinda wanyama hao, ila anayeandika hati ni mamlaka ya nchi. Maneno ya babu hayatoshi, wala ya mnunuzi. Kwa hiyo picha za jambia zipeleke pia kwa Shirika la Wanyamapori, KWS. Nenda mwenyewe useme umerithi na unataka kujua. Anayekuja kuuliza na anayekamatwa uwanja wa ndege hawasikilizwi sawa.

Sasa nifike kwenye fomu, kwani hapo ndipo roho yangu inapouma, na nitakueleza kwa nini.

Kifurushi cha thamani kinachokwenda nje kwa posta hujaziwa karatasi iitwayo CN23. Yataka jina lako, la mpokeaji, kilichomo, uzito, thamani, namba ya forodha ya bidhaa. Watu huijaza wakiwa wamesimama, kalamu ya kuazima, nyuma foleni. Chini kabisa kuna maneno machache na mahali pa sahihi. Maneno hayo yasema: nathibitisha kwamba maelezo haya ni ya kweli, na ndani hamna kitu cha hatari wala kilichokatazwa na sheria au kanuni za posta na forodha. Hicho ni kiapo, mwanangu, japo hakuna msahafu mezani. Na anayekitia sahihi ni wewe. Kijana wa Malindi atakusanya nauli yake na jina lake halitaonekana popote. Mgeni wa Hamburg atasema alinunua kwa nia njema. Jina litakalobaki kwenye karatasi ni la baba yako, uliloliandika baada ya lako.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado wakala, alinijia kijana wa huku Malindi, mtoto wa mjane. Alikuwa na kisanduku kimepigiliwa misumari vizuri. Akaniambia ni mapambo ya ukutani. Sikumwomba akifungue. Nikaandika mapambo ya ukutani, akatia sahihi. Mashine ya kuangalia mizigo haijali umeandika nini. Bapa la chuma huonekana kama mchoro wa kalamu. Mlikuwa na majambia mawili na pembe ya baruti yenye vumbi jeusi ndani. Aliitwa, akahojiwa siku nzima, akaitwa tena, na tena. Mama yake akauza kiwanja kulipa wakili. Vile vitu hawakuviona tena, na kijana hakukosea zaidi ya kutosema alichokuwa nacho. Mimi nilikuwa na swali moja la kumuuliza na sikumuuliza. Tangu siku hiyo kila mtu aliyenijia na kisanduku nilimwambia, fungua.

Ndiyo maana lile la "zawadi, yuro 40" limenikera. Mgeni wako hakulitoa hewani. Katika Umoja wa Ulaya zawadi kati ya watu binafsi, isiyolipiwa, ikiwa thamani yake haizidi yuro 45, hupita bila ushuru. Amechagua 40 akae chini ya mstari. Lakini yeye amekulipa, kwa hiyo si zawadi, na simu yako ina ujumbe wa pesa unaothibitisha. Linalonishangaza zaidi ni kwamba uongo huo hauna hata faida. Kitu chenye zaidi ya miaka 100 kina namba yake ya forodha duniani kote, 9706, vitu vya kale, tofauti na 9307 ambayo ni ya panga na majambia ya kawaida. Chini ya namba hiyo Ulaya haitozi ushuru wa forodha. Hubaki kodi ya mauzo ya nchi yao. Angeweza kuingiza upanga kwa jina lake la kweli na asifilisike. Anachokikwepa ni swali jingine: tangu 28 Desemba 2020 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kuingiza mali ya utamaduni iliyotolewa nchini kwake kinyume cha sheria za nchi hiyo. Forodha ya Hamburg ina haki ya kuuliza: kibali cha Kenya kiko wapi? Basi karatasi ile ambayo huna ndiyo itakayotakiwa pande zote mbili za bahari.

Na bima? Kampuni ya vifurushi haitalipa upanga uliopotea ikiwa karatasi yasema vijiko.

Kuhusu Desemba, sanduku la safari la mgeni halibadilishi kitu. Sheria yasema kutoa nchini, haikutaja njia. Akipita nacho Manda au Mombasa bila kibali amekosa yeye na wewe uliyemkabidhi.

Ikitokea siku moja makavazi wakasema upanga waweza kwenda, na kibali ukawa nacho mkononi, uliza kwanza kampuni kwa maandishi kama wanabeba vyuma vyenye makali, maana baadhi hukataa hata kisu, na uliza pia sheria ya nchi unakokwenda. Andika "upanga wa kale, kabla ya 1895, kibali kimeambatishwa", na thamani uliyouza. Usiufunge plastiki moja kwa moja juu ya chuma, chumvi ya Lamu ikinaswa humo itaula. Paka mafuta mepesi, funga kwa kitambaa cha pamba. Fundi seremala asikutengenezee kisanduku cha mbao mbichi, kwani nchi nyingi hudai mbao za vifungashio ziwe zimetiwa joto na kupigwa chapa. Plaiwudi haina shida hiyo. Yatosha kwa sasa, kwa sababu sidhani tutafika huko.

Hapo nageukia nyumba yako. Barua yako imejaa watu na wewe umeniuliza habari za vifurushi. Hukusema kama mirathi yamegawanywa. Nadhani hayajagawanywa. Basi tuhesabu pamoja. Marehemu ameacha mke, wana watatu wa kiume na binti mmoja. Ikiwa wazazi wake walishatangulia na hakuna deni wala wasia, mama yenu ana thumuni, sehemu moja katika nane. Saba zinazobaki, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja: wewe mbili, ndugu zako mbili mbili, dada moja. Fungu lako ni robo. Robo ya 350,000 ni shilingi 87,500. Umepokea 100,000 na umekwisha kutumia 88,000. Yaani hata kama biashara hii ingekuwa halali tupu, ungekuwa umemaliza haki yako na kugusa ya wengine, na mama yako, ambaye hasemi neno, fungu lake limo humo.

Na hapo nimechukulia kwamba vitu vilikuwa vya baba. Wewe mwenyewe unaliita sanduku la babu. Kama babu aliacha watoto wengine na sanduku halikugawanywa, ami zako wa damu na shangazi zako au watoto wao wana neno. Kadhi wa Lamu yuko, ofisi yake haiko mbali na wewe. Mpelekeeni swali kabla hamjaanza kulaumiana kwa simu.

Simwoni mgeni wako kuwa mwovu. Amependa kitu kizuri na amezoea kwamba kinachopendwa chanunuliwa. Mwandikie leo, kwa ukweli na kwa adabu. Mwambie kwamba umejua vitu ni vya kale, vinalindwa na sheria ya Kenya, bunduki haiwezi kutoka, na vilevile si vyako peke yako kuuza. Mwambie utamrudishia 100,000 yote, umeitumia kwa karo, na unaomba akupe muda. Mtumie hizo elfu kumi na mbili leo hii, pamoja na ujumbe, asije akadhani ni maneno. Zinazobaki ni 88,000. Elfu nane kila mwezi, miezi kumi na moja. Yule nduguyo anayesema uza muombe abebe miezi miwili kwa kuwa alikuwa tayari kula. Ujumbe wa zawadi na yuro 40 usiufute, wala usimtishie nao. Uache ulipo.

Akija Desemba mkaribishe. Mpikie, mwonyeshe upanga ukutani kama dada yako ataridhia, au mpeleke makavazi auone huko ikiwa mtakubaliana kuwakabidhi wauhifadhi na jina la ukoo wenu likae chini yake. Na kama anataka chuma cha kubeba, mafundi wapo. Jambia jipya lenye mpini wa mti alinunue kwa fundi na risiti yake, alitangaze kwa jina lake, na aulize shirika lake la ndege kabla.

Lakini kabla ya Hamburg, Siyu. Dada yako alikuwa akilia, na wewe hujaniambia ulimjibu nini. Mpigie usiku huu, mama akiwa karibu asikie, umwambie hujavituma.

Ami